Sori Isiyo na Mkia

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, ambaye hachoki kutusikia hata pale sisi tunapochoka kusikilizana. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyemfuata kwa kweli. Kaeni vizuri, jamani. Mzee Nangomwa, hiyo saa unayoitazama na mimi nimeiona, na korosho zako hazitaoza kwa maneno yangu machache. Na kina mama nyuma ya pazia, nawasikia mnavyojipepea. Nitajitahidi nisirefushe, ingawa leo nimekuja na hasira, na hasira haijui ufupi.

Nina hasira kwa sababu ya simu. Ramadhani inabisha hodi, na tangu juzi simu yangu haina raha: inalia nikila, inalia nikitawadha. Naifungua, nakuta ujumbe ule ule mmoja unaozunguka mji mzima, herufi kwa herufi, na chini yake ua jekundu. "Ramadhani njema. Kama nilikukosea, sori." Wengine walionitumia siwajui hata sura. Lakini mmoja wao ni mtu aliyenikosea kweli, yeye anajua na mimi najua, na ujumbe wake una ua lile lile. Nikajiuliza: huyu ameniomba radhi mimi, au ameiomba simu?

Basi nikamwendea mwalimu Chilumba, yule anayefundisha Kiingereza sekondari. Nikamwambia, mwalimu, hebu nisaidie, hili neno kwa wenyewe lina maana gani? Akacheka. Akasema, shehe, unataka ipi? Ukimkanyaga mtu mguu, sori. Akifiwa, sori. Hukusikia alichosema, unamuuliza, sori? Unamnyima kazi, sori. Unataka kupita katikati ya watu wanaozungumza, sori, sori. Umemtoboa jicho, sori. Hata kitu kikiwa duni, kibovu, cha kusikitisha, wanakiita hivyo hivyo. Nikamwambia, ina maana mtu naye anaweza kuwa sori? Akasema, anaweza sana. Nikamwambia ahsante, hiyo ya mwisho nitaihitaji.

Sina ugomvi na Kiingereza. Wenyewe wanalijua neno lao, wana namna yao ya kulisema na macho ya kulisemea. Ugomvi wangu ni na sisi. Sisi Mungu ametupa maneno mawili, na kila moja lina kazi yake. Mwenzako akifikwa na jambo, unamwambia pole. Ukimfikisha wewe, unamwambia nisamehe. Pole inasemwa na mtu ambaye mikono yake ni misafi. Nisamehe inasemwa na mwenye kuwasha moto. Na tena nisamehe ina mkia. Huwezi kuikata hapo ukaondoka. Nisamehe kwa lipi? Nisamehe nilikusengenya. Nisamehe nilihamisha jiwe la mpaka. Ule mkia ndio unaouma, na ndio maana tumekimbilia sori, kwa sababu haina mkia.

Sasa sikilizeni mfano. Kijiji chenyewe hakina jina, kwa hiyo msianze kutazamana.

Kulikuwa na mama mmoja mjane mwenye shamba la mikorosho. Mikorosho ile aliipanda yeye na marehemu mumewe mwaka waliooana, na ilipokuwa michanga waliimwagilia kwa maji ya kubeba kichwani. Ndiyo iliyomsomesha binti yake. Ndiyo iliyonunua sanda ya mumewe. Ukimkuta pale shambani anapalilia utamsikia anaongea peke yake, na kumbe haongei peke yake, anaongea na miti.

Mpakani mwake kulikuwa na bwana mmoja, mtu wa heshima zake. Kanzu imenyooka, msikitini safu ya mbele, michango hachelewi. Watu wa namna hiyo mnawajua. Si mtu mbaya, na hilo mlishike, maana mtu mbaya tungemkwepa.

Pale kijijini walikuwa na ada yao, na wazee wa hapa wanaijua. Mtu akitaka kuchoma shamba lake kabla ya mvua, kwanza analima ukanda mtupu mpakani, haachi hata jani, ili moto ukifika pale ukose cha kula. Kisha anawapitia majirani: "Jamani, kesho nachoma." Kisha anasubiri jioni, upepo utulie. Majirani wanakuja na matawi mabichi, wanasimama mpakani, moto unawaka huku watu wanapiga soga. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya moto.

Bwana yule siku hiyo alikuwa na safari ya mjini. Ukanda hakulima. Jirani hakumpitia. Jua la utosi, upepo unavuma, akapiga kiberiti. Mnaujua moto wa mchana wenye upepo? Haukuuliza mpaka uko wapi. Alikata tawi, akapigapiga mara mbili tatu, akaona moto umeshaingia kwa mama, akatazama huku, akatazama kule, hapana mtu. Akalitupa tawi, akapanda pikipiki yake, akaenda mjini.

Mama alipofika, mikorosho yake imesimama myeusi. Maua yaliyokuwa yameanza kushika yamekuwa majivu. Mti mmoja, ule wa kwanza walioupanda, ulikuwa unawaka ndani kwa ndani na moshi unatoka kwenye tundu lake. Akakaa chini pale pale kwenye jivu la moto mpaka watu wakaja kumnyanyua.

Jioni watu wakaja kumpa pole, maana watu wetu kwa pole hawajambo. Huyu kaleta unga, huyu kaleta kuni, jamvi limetandikwa uani. Na yule bwana akaja. Ndiyo, alikuja! Alirudi kutoka mjini, akaoga, akabadili kanzu, akaja kukaa jamvini na watu. Akamshika mama mkono, akatikisa kichwa, akasema, "Dah! Sori sana, mama. Huu ni mtihani."

Na mama yule akafanya nini? Akafanya alichofunzwa na mamaye. Akasema, "Asante, baba. Nimeshapoa. Karibu chai." Akammiminia kwenye kile kikombe kizuri, cha wageni.

Mmesikia, ndugu zangu? Kamshukuru! Kachomewa mikorosho, na kashukuru, na kamtilia chai aliyemchomea! Hebu niambieni, nyinyi mnaojua mambo: wizi gani mkubwa kuliko huo? Kumchomea mtu mali yake ni dhuluma. Lakini kumtoa asante mdomoni kwa kumchomea, hiyo tuiite nini? Maana angeambiwa nisamehe, yeye ndiye angekuwa na jibu. Angeweza kulia, angeweza kusema niache kwanza, angeweza kusema nimekusamehe. Jibu lingekuwa lake. Sasa kaletewa neno la kuingilia kote kote, na yeye kwa adabu zake akalipokea kama pole, na pole hujibiwa kwa asante. Bwana yule akanywa chai, akarudisha kikombe, akaaga.

Asubuhi yake mama akaenda shambani. Hakuhitaji mpelelezi. Jivu lilikuwa moja, kutoka katikati ya shamba la jirani mpaka kwenye shina la mkorosho wake wa mwisho, halina ukanda, halina mpaka. Kila aliyepita njia ile aliliona. Wote waliokaa jamvini jana yake waliliona. Na wote walinyamaza, kwa sababu bwana ni mtu wa watu.

Mama akamkuta bwana yule dukani. Hakupiga kelele. Akamwambia, "Mwanangu, jana ulikuja kwangu ukasema neno, nikakujibu asante. Usiku kucha nimejiuliza. Hebu niambie wewe: nilikushukuru kwa nini?"

Bwana akatazama viatu vyake. "Ah, mama, tusifike huko. Si nilishasema sori?"

"Ulisema. Ndiyo nauliza, ilikuwa ya nini?"

"Sori ni sori, mama. Lile neno lina maana zote. Chukua unayoitaka."

Chukua unayoitaka! Kama nazi gengeni! Mtu anakudai neno moja tu, lenye mkia wake, nisamehe nilikuchomea, na wewe unamwambia achague mwenyewe. Mama akaondoka. Chumvi aliyoijia hakununua.

Akaenda kwa wakubwa wa mtaa. Mnajua walimwambia nini? "Bi mkubwa, mwenzio amesema sori mbele ya watu. Ulitaka akulambe miguu? Hebu tuache mambo, sisi ni majirani." Tuache mambo! Hawa ndio wanaonitia hasira kuliko hata mwenye kiberiti. Mwenye kiberiti ana aibu yake inamtafuna. Hawa hawana hata aibu, wanataka utulivu. Wanataka mtu aliyeungua asinuke moshi.

Basi miezi ikapita, na bwana yule Mungu akamjaalia safari ya Hijja. Kijiji kikafurahi. Na ada yetu mnaijua: anayekwenda kuhiji haondoki mpaka amezunguka mlango kwa mlango kutaka radhi, maana huko anakokwenda hakuendeki na haki za watu mgongoni. Mlango kwa mlango. Yeye alikuwa na mambo mengi, mara chanjo, mara hati za safari. Akaona achinje, awaite watu wote uani kwake, awamalize kwa mkupuo.

Mama akaitwa, na mama akaja. Binti yake alimuuliza njiani, "Mama, akikuomba utamjibuje?" Akasema, "Mwanangu, mimi nimeshamsamehe zamani, nimechoka kumbeba. Lakini nikimpa bila kuombwa, atajua lini kwamba alikosa?" Alivaa khanga yake mpya, doti ile aliyoiweka akiba. Alikwenda na msamaha wake, ndugu zangu, kaubeba kama mtu abebavyo sahani ya biriani iliyofunikwa, anatafuta tu pa kuitua.

Watu wakala wakashiba. Bwana akasimama, nguo nyeupe, macho yanalengalenga, simnyimi machozi yake. Akasema, "Ndugu zangu, binadamu hakosi kukosea. Yeyote niliyemkosea, sori sana." Uani kote wakaitikia, "Tumekusamehe!" Hata watoto waliofuata pilau waliitikia.

Na kutoka upande wa wanawake ikaja sauti moja. "Mimi bado. Sijaulizwa."

Akasema tena, "Baba, jibu ninalo. Nimekuja nalo. Niulize."

Ilikuwa hatua chache tu kutoka pale aliposimama mpaka pale alipokaa yule mama. Jambo lenyewe ni sentensi moja. Bwana akafungua mdomo, na mimi nasema, kwa dhana njema, pengine angeisema. Lakini maalim wa pale, mwenzangu mimi kwa kazi na simtetei, akaona shughuli inaharibika, gari linangoja, wageni wapo. Akanyanyua mikono juu. "Al-Fatiha!" Na uani kote wakanyanyua mikono. Dua ikapanda, amin, amin, amin kwa sauti kubwa, na sauti ya yule mama ikazama humo ndani.

Mmewahi kusikia mtu amezibwa mdomo kwa dua? Basi ndiyo hiyo. Tumepewa dua ya kumlilia Mungu, sisi tukamzibia nayo mjane. Na waliozima sauti ile hawakuwa maadui zake. Ni wale wale waliomletea unga na kuni.

Bwana akaenda. Akatufu Kaaba, akasimama Arafa, akalia. Na tuseme kweli moyo ulilainika, mimi simnyimi heri mtu. Huko jangwani, katikati ya mamilioni ya watu wenye nguo zinazofanana, heshima zake zote zikafutika akabaki na jambo moja: mkorosho ule uliokuwa unatoa moshi tunduni. Njia nzima ya kurudi akaipanga sentensi yake. Mama, nisamehe, mimi ndiye niliyewasha, sikulima ukanda, sikukupitia, niliona moto unaingia nikaondoka. Mkia wote, mpaka ncha. Gari lilipofika kijijini akawaambia wapiga madufu waliokuja kumlaki wasubiri. Hakuingia hata kwake. Akatwaa chupa ya zamzam na pakiti ya tende, akaenda moja kwa moja kwa mama.

Akakuta jamvi limetandikwa uani.

Binti akatoka mlangoni, khanga imefungwa kichwani. Mama alikuwa amezikwa juzi yake. Watu wamekaa, wote wanamtazama haji mpya na tende zake. Na ile sentensi aliyoibeba kutoka Makka, aliyeandikiwa hayupo kuipokea. Akajaribu. Akafungua mdomo, mkia hautoki. Mwishowe akasema lile lile neno lake. "Sori, mwanangu."

Na binti, kwa adabu alizofunzwa na mamaye, akajibu, "Asante, baba. Tumeshapoa. Karibu chai."

Mwalimu Chilumba alinihesabia maana hadi vidole vikamwishia. Mlangoni pale, siku ile, neno lile lilibakiwa na maana moja tu. Mama kafa, pole. Basi. Ile nyingine, ile ya kuinamisha shingo, ile iliyokuwa inangojewa na mtu mwenye jibu tayari mdomoni, mlango wake ulifungwa kwa udongo. Na haji mwenyewe, amesimama na tende mkononi, akawa ile maana ya mwisho niliyosema nitaihitaji: mtu sori, wa kusikitisha.

Najua kuna mjanja hapo nyuma ananong'ona, "Lakini shehe, si mama alishamsamehe moyoni?" Usinirahisishie! Alisamehe, na Mungu amlipe pepo. Lakini bwana yule hakulisikia lile neno. Ataliuliza kwa nani? Kila akionja chai, itakuwa ile ya kikombe cha wageni. Na mama naye alikufa hajawahi kuambiwa na mwanadamu yeyote, kwa mdomo, kwamba alidhulumiwa. Wanazuoni wetu hawakutuficha hili: dhambi iliyo kati yako na Mola wako mwambie Mola wako, na iliyo kati yako na mja, mwendee mja. Mwendee. Hawakusema mtumie.

Sasa nageuka kwenu, na kwangu pia, tumo wote. Sisi, watu wa pwani ya kusini, waungwana, hodari wa pole, tumekuwa lini waoga wa nisamehe? Baba anampiga mtoto kwa kosa la mwingine, akigundua anasema sori na kuwasha redio. Mume anatoboa siri ya mkewe barazani, anarudi na sori na mfuko wa maembe. Ndugu amekula sehemu ya yatima katika mirathi, ametuma ua jekundu. Na sisi wengine, tusio na kiberiti, kazi yetu ni kuitikia tumekusamehe, tumekusamehe, kwa makosa ambayo hatukukosewa sisi! Nani alikupa wewe msamaha wa mjane uugawe? Ukimwona mtu anasema mimi bado sijaulizwa, usimnyanyulie mikono ya dua. Sogea, mpishe mkosaji apite.

Kila mmoja hapa ana mlango anaoujua. Usinikwepe macho, wewe uliyeegemea nguzo. Na wewe Bi Somoe, hilo pazia halinizuii kukuona ulivyoacha kujipepea. Mlango wenyewe mnaujua rangi yake, na mnajua mnavyopita upande wa pili wa njia ili msiutazame.

Kwa kawaida hapa ndipo ningenyanyua mikono. Leo sinyanyui. Dua ilishatumika vibaya katika mfano huu, na mimi sitaki amin zenu zinizibie mtu. Tokeni. Simu ziacheni mfukoni. Nendeni na sentensi nzima, na mkia wake. Alasiri tukirudi hapa ndipo tutaomba pamoja. Na utakapofika mlangoni ukabisha hodi, Mwenyezi Mungu akujaalie uitikiwe na mwenyewe.